Watu Kumi na Tisa

Mvua ya Tukuyu haibishi hodi, inaingia tu.
Kwa hiyo picha nilizifunga nailoni mara mbili,
nikazishusha Masoko kwa pikipiki,
nikazianika ndani ya ghala la ushirika
kwa kamba ya katani na vibanio vya nguo,
kati ya magunia ya kahawa na mizani iliyopinda.

Watu wakaja na miavuli, wengine na majani ya migomba,
wakaingia na tope lao, wakatazama.
Hili ni daraja la Kiwira kabla halijawa daraja:
gogo, na ng'ombe anayesitasita.
Hii ni kwaya; wenye viatu wamewekwa mbele.
Hii hakuna aliyeielewa: meza, saa ya ukutani, jogoo.
Tukacheka, tukaipita.

Ndipo wakafika kwenye ndege.

Uwanja wa zamani wa Mbeya, nyasi fupi,
Loleza umekaa nyuma kama mtu asiyeulizwa.
Wanaume wamepangwa mstari chini ya bawa,
kila mmoja na kibao cha namba kifuani,
na blanketi jipya begani, la bure,
litakalokatwa kwenye mshahara.
Nyuma ya picha, kwa penseli ya karani:
*Wenela. Mbeya. Watu 19.*

Mzee Ambokile akavua miwani, akaivaa tena.
"Huyu wa saba ni Mwaipyana. Alirudi na gramafoni
na kikohozi. Gramafoni ilitangulia kufa."
"Huyu hakurudi."
"Alirudi."
"Lilirudi jina lake, ndani ya bahasha."
"Na huyu koti si lake! La shemeji yangu hilo,
tulilidai mpaka uhuru ukatukuta."

Je, huyu wa nne, anayetazama pembeni,
ilhali wenzake wote wameikodolea kamera?
Kila mtu akamkatia kipande chake:
alikuwa na shingo ngumu tangu utoto;
alikuwa mkaidi, hata karani alimchoka;
aliogopa propela;
alikuwa anatafuta pa kutorokea.
Nami mwenye daftari niliandika yote,
nikajiona nimeipata historia.

Bibi Subilaga hakuwa amesema neno.
Alikuwa juu ya gunia, fimbo magotini.
Akainuka. Wakampisha.
Kidole chake hakikwenda kwenye ndege,
wala kwa yeyote kati ya wale wanaume.
Kilishuka hadi pembeni, chini, kwenye nyasi,
penye doa refu nililodhani ni kasoro ya dawa,
nililotaka, Mungu anisamehe, kulikata kwa mkasi.

"Huyu mimi," akasema.

Tukainama. Kweli, kivuli:
kitambaa cha kichwani, bega,
na nyuma ya bega kichwa kingine,
kidogo kama parachichi.

"Askari alituzuia kwenye kamba.
Jua la asubuhi lilikuwa mgongoni kwangu.
Jua ndilo lililonivusha."
Akanyamaza kidogo.
"Na shingo yake haikuwa ngumu."

Hakuna aliyekohoa. Juu ya bati
mvua iliendelea na kazi yake.

Mwanawe, Gwamaka, mvi tupu,
alifika amechelewa, na mkungu wa ndizi kwenye baiskeli,
akauliza kuna nini, mbona kama msibani.
Mama yake akamshika mkono, ule wenye utomvu,
akampeleka mpaka kwenye kamba.
"Baba yako. Mimi. Wewe."

Alitazama muda mrefu,
mtu aliyezeeka bila kuijua sura ya baba yake,
kisha akauliza kitu kimoja tu:
"Nilikuwa nalia?"
"Ulikuwa umelala."

Picha ile sikuondoka nayo.
Ilipanda baiskeli, juu ya mkungu,
chini ya jani la mgomba, ikapotea kwenye ukungu
pamoja na mama na mtoto wake.
Nyuma yake bado imeandikwa kumi na tisa.