Buni Moja

Nilipanda Uru na mabango manne,
chupa ya jamu iliyojaa buni mbovu,
na karatasi arobaini nilizochapisha mjini karibu na stendi,
wino bado unanuka.

"Ndugu wanachama," nikaanza,
na papo hapo nikaipitisha chupa.
Kosa langu lilianzia hapo.
Chupa ikaenda benchi kwa benchi kama kichanga siku ya ubatizo,
kila mtu akaipakata, akaitikisa, akaichungulia;
Mzee Lyatuu akataka kujua kifuniko nilikipata duka gani.
Nikabaki nahutubia visogo.

Bango la pili lilikuwa na nguzo za rangi.
"Nyekundu ndiyo hasara."
"Huku nyuma zote kijivu!" mtu akajibu,
maana mvua ilikuwa imeziba madirisha.
Nikawapa mgongo, nikalisoma neno kwa neno
mpaka nikasikia mabenchi yanapiga miayo.

Ndipo akasimama Aikaruwa Mmari.
Mikononi hana kitu.
"Jana," akasema, "nimemwaga kisado kimoja kwenye mkeka.
Mimi na mjukuu tukachambua:
nzima huku, zilizotobolewa kule.
Kila kumi, tatu zilikwenda kule.
Mtoto akaniuliza, Bibi, hizi ndizo ada yangu?"

Akanyamaza.
Mvua ikapata nafasi ya kusema kidogo juu ya bati.

Kisha akafungua pindo la kanga,
pale tulipodhani pana noti,
akatoa buni moja. Moja tu.
Akaiinua usawa wa mlango, kwenye mwanga,
akapenyeza uzi mweusi;
uzi ukatokea upande wa pili.

"Shanga hii,
bibi harusi gani ataivaa?"

Hatukucheka mara moja.
Akairudisha pindoni, akakaza fundo,
macho yetu yakakosa pa kwenda ila usoni pake.
"Tununue mitego kwa pamoja,
au kila mtu akatunge shanga zake nyumbani?"

Nilihesabu mikono mpaka nikapotea.

Nikitoka, nilizikuta karatasi zangu mlangoni,
zimefuta matope ya viatu, kazi yenye faida.
Chupa nimeiosha, sasa ina chumvi.

Jumanne tuna kikao cha mfereji.
Nitakwenda na kokoto moja mfukoni,
ile iliyoziba maji ya kwangu.
Naizungushazungusha vidoleni tangu juzi.
Kuionyesha naweza.
Lini, ndilo sijui.