Kabla ya Kuzima

Tatu ziko mezani kwa Carwyn, juu ya gazeti la jana,
kama konokono wa chuma.
Mvua ya Wales inapiga bati, haijui Jumapili.
"Chagua, Emrys. Nafunga saa kumi na moja."

Naanza na ya tatu, maana ndiyo niliyoiota:
kubwa kama kichwa cha kondoo,
beringi za gololi, pangaboi linalozunguka
ukilipulizia tu kama chai ya moto.
Hii yataka subira. Unakanyaga, unangoja,
unahesabu moja, mbili, mbili na nusu,
halafu mlima mzima unakurukia kiooni.

Ya kwanza yaenea kiganjani.
Yenyewe haina usingizi: ukigusa mafuta imeamka,
inakusukuma mgongoni kama mama wa mtoto mchelewaji.
Ila ikifika mizunguko elfu tano
inahema, inashika kiuno, inatafuta pa kukaa.

Ya pili sikuitazama.

Gari langu ni dogo, jekundu lililopauka,
viti viwili, silinda nne, buti la kubeba mikate miwili.
Mair husema: wenzako hupanda gari,
wewe walivaa.

Binti yetu Nerys kanichorea grafu,
mstari wa buluu, mstari wa kijani, na mmoja mwekundu
unaolala chini muda mrefu kisha unasimama wima kama ukuta.
"Huo ndio mkubwa wako, baba.
Toka mlangoni petu hadi kileleni kuna kona mia moja na nne.
Nimezihesabu. Palipo panyoofu hapazidi sekunde sita.
Utakapoamka, wewe utakuwa kwenye breki,
na mbele yako kondoo wa Mzee Prosser."

Tabo na taabu, nikamwambia, hazipishani sana.
Hakucheka.

Mfukoni nina bahasha. Kiinua mgongo:
miaka ishirini na tisa kinuni, nikivuta chuma chekundu,
na mgongo wenyewe haujainuka.
Carwyn anajua. Bonde zima linajua.
Asilolijua mtu ni kwa nini nataka tabo,
si rangi mpya, si viti vya ngozi.

Ni kwamba hailishwi ila kwa kilichotupwa.
Moshi umemaliza kazi yake, umeoneshwa mlango,
uko ndani ya ekzosi ukienda zako, moshi wewe,
na tabo inakushika mkono:
ngoja kwanza, bado una moto.
Inakupa gurudumu ulizungushe,
na upande wa pili wa ekseli hewa safi
inashindiliwa, inaingia injini, inarudi kuwa kishindo.

"Saa kumi na moja kasorobo," asema Carwyn.

Nikachukua ya pili.
Ganda lake ni lile lile la kiwandani,
ndani wameliongezea pangaboi pana kidogo.
Kwa nje hakuna atakayejua.
Na bomba jipya la oili, akasisitiza, na gasketi,
na kipoza hewa kisichovuja, la sivyo umenunua filimbi.
Bahasha ikabaki na noti mbili.

Jumamosi nilipanda mlima.
Kona ya tisa, gia ya tatu, ikaamka
bila kelele, kama mtu anayevuta kiti akae nawe.
Kona ya arobaini nilikuwa nacheka peke yangu.
Kondoo wa Prosser walinitazama, wakaendelea kutafuna.

Sasa niko mlangoni, injini inanguruma taratibu.
Usizime ghafla, alisema Carwyn.
Ipe dakika. Gurudumu bado linazunguka humo ndani,
jekundu; ukiikatia oili
itagandia pale pale iwe makaa.

Kinuni walituzima Ijumaa, saa tisa na robo,
karatasi ya mistari minne.

Sekunde arobaini.
Mair kafungua pazia, ananionesha sufuria.
Namwinulia kidole kimoja:
bado.