Sifuri ya Safu ya Tatu

Saa nane za usiku, Nizwa. Kiyoyozi kinakohoa,
na programu imenijibu lile lile la jana:
hasi, isiyo na kikomo.
Si kosa, si onyo. Jibu.
Kama kumuuliza mtu bei ya mbuzi
akakuonyesha kisima.

Kazi yenyewe, ukiisema, nyepesi.
Miti mitano: mubani, mlimau, mmanemane,
mkorosho, mwarobaini.
Koo za jeni elfu kumi na moja,
na kila ukoo una hesabu yake kwa kila mti:
huku nakala tatu, huku moja, huku hamna.
Programu ipande matawi ya nasaba kinyumenyume,
iseme nani alizaa, nani alipukutisha,
na kwa kasi gani, tangu miti ilipoachana njia.

Haikupanda.

Nikaanza na majina, maana fitina huanzia hapo.
Kwenye jedwali: mwarobaini.
Kwenye mti: mwarobaini, na nafasi tupu mwishoni
ambayo jicho halioni
ila mashine huihesabu kuwa herufi,
na mwenye herufi ya ziada si yule.
Nikaifuta. Hasi, isiyo na kikomo.

Nikapima matawi. Kila ncha sharti ifike leo,
zikae sawa kama nyayo za wanaoswali;
mkorosho wangu ulikomea miaka milioni mbili nyuma.
Nikaunyoosha, nikachemsha kahawa.
Hasi.

Yakdhani, aliyekuja kuchukua chaja yake,
akainama juu ya bega langu:
"Panga kwa ukubwa. Mtazame tajiri wa kwanza."

Ukoo namba 4071.
Mlimau mbili, mkorosho mbili, mwarobaini moja,
mmanemane sifuri,
mubani mia tatu na kumi na mbili.

Tukacheka hadi mlinzi akachungulia.
Hakuna mti uzaao hivyo. Ni mimi:
jeni moja nimeiandika kwa kila umbo inalosomeka,
mara nane, mara kumi,
kama anayehesabu wageni
kwa kuhesabu viatu mlangoni.

Nikabakiza umbo moja, lile refu, kwa kila jeni.
Mia tatu na kumi na mbili zikawa ishirini na tisa,
na programu ikapanda.
Lamda ikatulia. Nikaianzisha upya mara tano,
mara tano ikatua pale pale.

Ningekwenda kulala. Lakini ripoti inasema
mmanemane umepoteza ukoo 4071.
Umepoteza: neno zima, bila haya.
Nikafungua data ghafi. Jani lile lilikaukia njiani kutoka Dhofar,
vipande vyake vifupi, vimechakaa,
na pale ambapo jeni ingekaa, pamekatika.
Haikupotea. Haikusomwa.
Programu itajuaje? Tumeipa sifuri, inaamini sifuri.

Mama yangu, ukimuuliza kwao walizaliwa wangapi,
husema saba.
Karatasi waliyoandikiwa bandarini Maskati inasema sita.
Karani alichoka, au wino ulimwishia.
Huyo wa saba anaishi Ibri,
ana wajukuu kumi na wawili, na anakoroma.

Nikaandika daftarini, kwa kalamu:
4071, safu ya tatu, si sifuri. Haijulikani.
Waombwe jani jingine, bichi, ndani ya barafu.

Kisha simu ikazima mkononi.
Yakdhani kaondoka na chaja yangu.