Mgeni wa Miezi Sita

Cibalonza, muuza ndizi wa soko la Kadutu,
namba arobaini na moja kwenye daftari la utafiti,
anauliza: "Bado yumo?"

Bado yumo.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
huyu amepitisha miezi sita ndani ya ini,
hashiki jembe, haagi,
hata hakohoi tumsikie.

Usiku umeme ukikatika Bukavu
nakimbilia jenereta kabla ya viatu:
mle frijini mna mirija mia mbili ya damu,
na mmoja wangu,
ambao sijauandikia jina.

Kidonge kimoja kila jioni, namwambia.
Hakimfukuzi. Kinamlaza.
"Mpaka lini?"
Karatasi zangu zina safu ya kila kitu,
ya swali hilo hazina.

Anacheka, anakaza kitenge:
"Mume wangu alinikata maini miaka kumi
na ndizi nauza.
Huyu wako ataniweza?"

Ameondoka. Juu ya mizani ya maabara
ameacha ndizi tatu.
Gramu mia nne na kumi.
Naandika, nafuta,
namenya moja,
nameza kidonge changu.