Robo

Fomu ina maswali ishirini. Sista Lisi wa Kerala
ananisomea kwa Kiarabu cha kuokoteza,
nami namjibu kwa Kiarabu cha ukubwani,
na baina yetu Kiswahili changu kimekaa kimya
kama mgeni asiyetambulishwa.

Unaweza kuvaa mwenyewe, ukafunga na vifungo?
Bila taabu. Kwa taabu kidogo. Kwa taabu sana. Siwezi.
Sufuri, moja, mbili, tatu.
Unaweza kufungua bomba la maji?
Unaweza kuinuka kwenye kiti kisicho na mikono?

Kiti! Nyumbani kwangu Mabela
tunakula chini, tunanywa kahawa chini,
na Mola wangu nilikuwa namsujudia chini
mpaka Rajabu ya juzi, magoti yaliponigomea.
Hilo la sijida halimo katika ishirini.

Baridi yabisi, ndivyo mamangu na wenziwe walivyoiita.
Baridi! Huku nje ukigusa mlango wa gari mchana
unaondoka na alama kiganjani.
Naipitisha humo kila siku, haiyeyuki.

Daktari Ibtihaji ananigeuzia skrini.
Mwezi wa pili: moja na robo tatu.
Leo: moja na nusu.
"Umeshuka robo," anasema, na uso umemkunjuka
kana kwamba aliyeshuka ni yeye.
"Pungufu ya hapo nisingejua
ni dawa au ni siku njema tu.
Kwenye robo ndipo ninapoanza kuamini."

Robo ya nini, daktari?
Robo ya halwa naijua, inajaa kibakuli kimoja.
Robo ya mirathi naijua, nilipewa mahakamani
Muhanna alipofariki bila ya mtoto.
Hii ya mwilini imepimwa kwa pishi ya nani?

Mie nina vipimo vyangu.
Mwezi wa pili vidole vilikuwa havikunjuki
tangu adhana ya alfajiri
mpaka basi la shule lipige honi mara ya tatu
likiwangoja watoto wa Nuhaila, jirani.
Sasa vinakunjuka kabla maziwa hayajafura.
Basi linanikuta nishakunywa chai.

Na kuna kofia.
Miaka thelathini na moja nimedarizi kwa mkono,
kitobwe kwa kitobwe;
maharusi wa Sibu hadi Sumaili
wameoa wamevaa macho yangu kichwani.
Siku nzuri, vitobwe arubaini kabla ya adhuhuri.
Halafu sindano ikaanza kuniponyoka,
nikawa naitafuta zuliani kwa sumaku ya friji,
halafu nikaacha kuitafuta.
Kofia ya mwisho imo ndani ya kopo la biskuti,
nusu maua, nusu mistari ya penseli.

Jumatatu nililifungua lile kopo.
Mfuniko ulinishinda mara mbili.
Nikatoboa sita.
Cha nne kimekwenda upande. Sikukifumua.

"Sita," namwambia daktari. "Vitobwe sita."
Anauliza ndiyo nini. Namchorea hewani kwa kidole,
na kidole chenyewe kimepinda,
duara linatoka yai.
Anatafuta pa kuandika. Fomu haina.
Anaigeuza karatasi na kuandika nyuma yake,
kwa wino, kutoka kulia,
neno ambalo kwa Kiarabu na kwa Kiswahili
linakaribiana hata Sista Lisi akacheka:
sitta.

Chini, karibu na duka la dawa, nanunua maji.
Kizibo kipya, hakijakatwa bado.
Nazungusha. Nazungusha tena.
Natazama kulia, natazama kushoto,
kisha nakifungua kwa meno
kama mwezi wa pili.

Hilo sikurudi juu kuwaambia.