Asante, Ujumbe Wako Umepokelewa

Ehrenfried Wöllner hutengeneza macho ya kioo
huko Lauscha, milimani Thuringia,
kama babake, na baba wa babake.
Aliniita Novemba, theluji ikiwa bado ni tetesi.
"Fundi," akasema, "tangu Pasaka sijapata barua ya mteja hata moja.
Nadhani watu wameacha kupoteza macho."

Nikacheka.
Yeye hakucheka.

Nikakaa penye meza yake,
mboni mia mbili zikinikodolea bila kope,
nikafungua tovuti, nikajaza fomu.
Jina: Jaribio. Ujumbe: Hodi.
Nikabonyeza Tuma.
Ukurasa ukachanua kijani:
Asante, ujumbe wako umepokelewa.

Umepokelewa na nani?
Kisanduku cha barua pepe kilikuwa kitupu
kama sahani ya aliyefunga.

Waliosema mjumbe hauawi
hawakuwahi kuiona seva ya barua ikiwa kazini.
Fomu ile, kwa adabu yake ya kijinga,
iliandika juu ya bahasha jina la mgeni,
kana kwamba mgeni mwenyewe ndiye aliyeituma,
ilhali imebebwa na mashine ya Wöllner iliyoko Frankfurt.
Mlinzi wa lango hana habari za asubuhi.
Huuliza: nani kakutuma, na kibali kiko wapi?
Kibali hakikuwapo.
Mjumbe akanyongwa palepale,
wala maiti haikurudishwa kwa wenyewe.

Nikauondoa uongo kwenye bahasha.
Mtumaji: karakana. Mgeni nikamhamishia penye "jibu kwa",
mahali pake pa haki.
Katika rekodi za kikoa nikaongeza mstari mmoja,
mfupi kuliko salamu:
mashine hii ni yetu, inaruhusiwa kusema kwa jina letu.
Kisha nikangoja. Mstari kama huo huenea polepole,
kama habari ya mimba.

Jaribio la pili, kimya.
La tatu, kimya. Tukanywa kahawa.
La nne likaangukia kapu la taka, lakini liliwasili,
nikalishangilia kama mtoto aliyetanguliza miguu.
La tano likaingia kwa mlango wa mbele: Hodi.

"Ngoja nijaribu mimi," akasema mzee,
akaandika kwa kidole kimoja: Nahitaji jicho.
Tuma. Kijani. Asante.
Hakikuja kitu.

Nilizunguka saa nzima kabla sijamkumbuka Tilo,
mpwa wake, kijana mwenye moyo mwema,
ambaye sikukuu ya Pasaka, akichoshwa na matangazo ya miwani,
alitega kichujio ndani ya kisanduku:
barua yoyote yenye neno jicho, futa.

Mzee akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa.
"Kwa hiyo," akasema, "hodi wangeweza kunipigia.
Ila wasiseme walichokuja kutafuta."

Fomu ilikuwa imejiwekea nakala, chini kabisa, kwenye hifadhidata:
arobaini na moja.
Nikazisoma kwa sauti, yeye akisimama.
Piroska Vadkerti wa Szeged aliandika Aprili:
mwanangu amekua, jicho halikukua naye.
Aliandika Juni: sasa linaanguka akicheza.
Aliandika Septemba: huenda mmefunga karakana,
nawaomba radhi kwa usumbufu.
Rangi, aliongeza, ni ya chai
iliyosahauliwa mezani usiku kucha.
Mara tatu tulimshukuru.

Ehrenfried hakusema neno.
Akachagua mrija wa kioo cheupe, akauinua kwenye mwanga,
akaurudisha, akachagua mwingine.
Kisha akanyoosha mkono, akaomba simu.

Nilimtoza yuro arobaini, akanipa hamsini
na kazi moja ya ziada: kubadilisha maneno ya kijani.
Tuliyaandika pamoja, tukayafuta, tukayaandika tena.
Sasa yanasema:

Ujumbe wako umetumwa.
Hatujui kama umefika.
Usipopata jibu kwa siku tatu, piga simu,
na iache ilie. Mzee hutembea polepole.