Boksi la Buti

"Dawa yenyewe ni ya bure," alisema mratibu wa utafiti,
akifunua ukurasa wa kumi na tisa wa fomu ya ridhaa
kama mtu anayemwongezea mgeni chakula.
Orrin akatia sahihi.
Mimi nikauliza maegesho ni shilingapi.

Akacheka. Nami nikacheka, kwa adabu.
Dola kumi na mbili kwa siku.

Kutoka kwetu Minot mpaka Rochester
ni maili mia tano na ushei,
kila wiki ya tatu, barafu au jua.
Petroli. Moteli yenye shuka za kunuka klorini.
Supu anayoinunua, anaitazama, anaisukuma.
Jiko la shule hunikata siku nzima
hata nikikosa nusu.
Na ng'ombe wanazaa Machi, hawajui ratiba ya mtu;
Verlyn anawaangalia, hataki hata senti,
na deni la jirani asiyetaka senti
ndilo nisilojua nilitie safu ipi.

Wahenga walisema rahisi ghali.
Bure hawakuitaja. Labda hawakuwahi kupewa.

Risiti nazilaza kwenye boksi la buti zake, namba kumi na tatu.
Aprili ikaja bili ya skani.
Ile ya kwanza walilipa watafiti; hii, wanasema,
ni matibabu ya kawaida.
Kawaida! Neno hilo nimelipigia simu mara nne.
Binti wa bima ana sauti ya asali:
"Hata nje ya utafiti, mama, skani hii ungeilipa."
Huenda.
Ila nje ya utafiti ningelala kitandani kwangu.

Safari ya sita, muuguzi Thuy
alinipenyezea karatasi chini ya kikombe cha kahawa.
Upo mfuko wa nauli. Lazima uombe.
Miezi minne upo, na sisi tunapita mbele yake
tukihesabu sarafu.
Kuuliza si ujinga, najua, nimefunzwa.
Lakini jaribu wewe, daktari akisema *ini*,
akisema *miezi*,
kunyoosha mkono na kuulizia petroli.

Leo wametuambia uvimbe umesinyaa:
milimita nne.
Orrin alimshika daktari mkono akasahau kuuachia.
"Hata usiponisaidia mimi," akasema, "si utamfaa mwingine?"
Huyo mwingine simjui.
Namwombea, lakini pia
ningependa achangie moteli.

Usiku, maji yakichuruzika bafuni,
nikachukua kikokotoo, nikajumlisha boksi lote
nikagawanya kwa nne.
Ikatoka namba.
Nikaifuta kabla mlango haujafunguka.

"Unahesabu nini?"

"Ndama," nikamwambia.
"Verlyn anasema wamefika thelathini na mmoja."